Wimbo Ukisambaa Bure, Mtunzi Atakula Nini?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa kwaya, walimu wa muziki na wajumbe wa kamati za usharika waliokutana Ipelele, Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Tunayachapa ili yawafikie pia wasomaji wetu wa Njombe, Makambako na kwingineko, pamoja na wafadhili wanaotushika mkono. – Mhariri



Nimeombwa niseme neno juu ya swali ambalo limekuwa likiulizwa katika vikao vya kwaya zetu karibu zote. Kwaya imejichangisha, imesafiri hadi studio, imerekodi nyimbo nane, imerudi nyumbani. Kabla hata uzinduzi haujafanyika, nyimbo zote nane zimeshafika kwenye simu za watu kwa WhatsApp. Siku ya uzinduzi meza ya kuuzia inabaki imejaa. Vijana wanauliza: tutarudishaje fedha zetu? Na mwalimu aliyetunga nyimbo zile, ambaye alikesha akipanga sauti nne huku shamba lake la viazi likimngoja, anajiuliza kimoyomoyo kama kuna haja ya kutunga tena.

Hilo si jambo dogo. Mtunzi akichoka, usharika unapoteza sauti yake. Kijana mwenye kipaji akiona kipaji hakimlipii hata nauli, anapanda gari kwenda mjini kutafuta kibarua, na kinanda kinabaki kimefunikwa kitambaa. Ndiyo maana nawaomba tulizungumze kwa makini, bila kulaumiana.

Kilichobadilika

Tuanze na historia kidogo. Kati ya mwaka 1963 na 1977 lilikuwepo shirika la utangazaji la Sauti ya Injili, lililoendeshwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kutoka Addis Ababa, na studio ya Moshi ndiyo iliyoandaa vipindi vya Kiswahili. Kwaya nyingi za nchi yetu zilijulikana kwa njia ya redio. Baadaye ikaja kaseti. Kwaya ikirekodi, msikilizaji aliyetaka kuusikia wimbo nyumbani kwake ilimbidi anunue kaseti, au amwombe mwenye redio ya deki mbili amnakilie. Kunakili kulihitaji kaseti tupu, muda na betri au umeme, na kila nakala ilisikika hafifu kuliko ile ya kwanza. Hivyo wengi walinunua.

Zikafuata CD na DVD, na pamoja nazo kompyuta za kunakili kwa dakika chache. Serikali ilijaribu kuweka utaratibu: tangu mwaka 2013 kazi za muziki na filamu zilitakiwa kubandikwa stempu ya kodi, ili halali ijulikane na ya wizi ijulikane. Lakini kabla utaratibu huo haujazoeleka, watu walianza kuacha kununua diski. Leo ukifika stendi ya Makambako, dereva wa lori anayekwenda Tunduma hatafuti kaseti wala diski. Anampa kijana mwenye kompyuta flashi yake, anarushiwa nyimbo mia mbili, anaendelea na safari.

Ndugu zangu, tuseme ukweli ulivyo. Sheria inaweza kumbana mwenye kibanda anayelipwa kwa kurusha nyimbo za watu. Haiwezi kumbana bibi wa Ipelele aliyemtumia mjukuu wake wimbo wa faraja kwa WhatsApp, na sidhani kama kuna mtu humu ndani angependa abanwe. Wimbo wa Injili umetungwa ili uende. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema kinajitembeza chenyewe, kwa kasi kuliko basi lolote. Kazi yetu ni kujua fedha zinapita wapi wakati wimbo unatembea.

Bure ya nani?

Hapa naomba tutafakari neno hili "bure". Yule dereva wa lori amemlipa kijana wa kompyuta. Msikilizaji wa YouTube amenunua bando kwa kampuni ya simu, na ametazama tangazo ambalo mfanyabiashara fulani amelilipia. Redio iliyopiga wimbo wenu saa moja asubuhi imeuza matangazo kabla na baada ya wimbo. Kwa hiyo katika safari yote hiyo watu wamelipa. Fedha zimepita mlango mwingine, na mwenye wimbo hakuwa amesimama mlangoni.

Najua wapo wazee wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba wimbo wa kanisa ni sadaka na hauuzwi. Wanakumbuka Mathayo sura ya 10, aya ya 8, ambapo Bwana anawaagiza wanafunzi wasitoze kwa kile ambacho wao wenyewe hawakutozwa. Nawaomba tusome aya mbili mbele, aya ya 10. Katika agizo lile lile, kwa watu wale wale, Bwana anaeleza kwamba anayefanya kazi ana haki ya kulishwa. Maneno hayo mawili hayagombani. La kwanza linamzuia mtumishi asiwatoze watu neema. La pili linawakumbusha watu wasimwache mtumishi na njaa.

Aidha, sadaka hutolewa na mwenye mali. Mkulima akileta debe la viazi madhabahuni, ametoa sadaka. Jirani akilichota debe lile shambani usiku akalileta yeye, hajatoa sadaka hata kama viazi vimefika kanisani. Vivyo hivyo, mtunzi akisema, "Wimbo huu nautoa kwa usharika," tumshukuru Mungu. Lakini hatuwezi sisi kuutoa kwa niaba yake bila kumuuliza, kisha tukaita jambo hilo utumishi.

Daftari kwanza

Kuna methali inayosema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani imetungwa kwa ajili ya kwaya zetu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi tangu pale anapoitunga kazi yake, hata kama hajaisajili. Inawalinda pia waimbaji waliouimba wimbo na aliyegharamia kuurekodi; hiyo ndiyo inayoitwa hakishiriki. Ulinzi wa mtunzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Naomba jambo hilo lisipite haraka masikioni mwetu. Wilaya hii inajua maana ya yatima na mjane, kwa sababu ya msiba mkubwa wa UKIMWI tuliopitia. Katika walioondoka walikuwemo walimu wa kwaya. Nyimbo zao bado tunaziimba kwenye harusi na misiba. Kwa mujibu wa sheria, haki ya nyimbo hizo ni urithi wa watoto wao, kama lilivyo shamba. Je, ni usharika gani wenye orodha ya nyimbo hizo na majina ya waliozitunga?

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria intaneti, kila kwaya iwe na daftari la nyimbo. Kwa kila wimbo liandikwe jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, mwaka, waimbaji walioshiriki kurekodi, studio iliyorekodi, aliyelipia, na makubaliano yaliyowekwa. Mtunzi atie saini, mwenyekiti wa kwaya atie saini, na katibu wa usharika ashuhudie. Nakala moja ikae ofisini kwa mchungaji.

Hatua ya pili ni kusajili kazi hizo COSOTA. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, COSOTA imekuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na sheria imefungua njia kwa taasisi za wenye haki kupewa leseni ya kukusanya na kugawa mirabaha. Usajili hauumbi haki, kwa kuwa haki ipo tayari. Ila siku ya ubishi usajili ni ushahidi, na siku ya mgao asiyejulikana hawezi kutafutwa.

Niwape mfano wa kwaya moja ambayo sitaitaja. Ilirekodi video nzuri. Fundi aliyepiga picha akasema, "Msijisumbue, nitawawekea mimi kwenye YouTube." Akaiweka kwenye chaneli yake, kwa jina lake na barua pepe yake. Wimbo ukapendwa. Kwaya ilipokwenda kuulizia mapato, ikaambiwa ilete makubaliano. Karatasi haikuwepo. Fundi yule hakuvunja sanduku la mtu. Alikuta sanduku halina mwenyewe. Chaneli iwe ya kwaya, namba ya siri ishikwe na watu wawili walioteuliwa na kamati, na studio ilipwe kwa kazi yake kwa mkataba ulioandikwa.

Milango ambayo fedha hupitia

Sasa tuitazame milango hiyo mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni matangazo ya YouTube. Vijana wengi wanautegemea huu kuliko yote, kwa hiyo tupige hesabu. Ili chaneli ianze kulipwa sehemu ya matangazo, inatakiwa iwe na watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama wimbo wenu una dakika sita, inahitajika utazamwe mwanzo hadi mwisho mara 40,000 kwa mwaka, yaani kama mara 110 kila siku. Mkishavuka hapo, mnapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video zenu, na fedha hutumwa zikifikia angalau dola 100 za Marekani. Malipo hutegemea pia watazamaji wako nchi gani, kwa sababu wafanyabiashara hawalipi sawa kila mahali.

Kuna jambo lingine dogo lenye kukwamisha. Mapato yakifikia dola 10, kampuni ya Google hutuma barua kwa posta yenye namba ya kuthibitisha anwani. Kwaya isiyo na sanduku la posta huikosa barua hiyo, na fedha zikazuiliwa. Hapa usharika unaweza kusaidia bila gharama yoyote: kwaya itumie S.L.P. ya usharika, na karani wa ofisi aambiwe aitazamie barua hiyo.

Kwa hiyo mlango huu upo, lakini ni mwembamba. Kwaya ikiuendea kama mgodi itakata tamaa. Ikiutumia kama bango la kujitangaza, na fedha ikija ikawa nyongeza, itafaidika.

Mlango wa pili ni mirabaha ya redio, runinga, mabasi, hoteli na kumbi. Kila anayetumia muziki katika biashara yake anawajibika kuulipia. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa kazi zilizochezwa kwenye vyombo vya utangazaji. Ukigawanya kwa wasanii wa nchi nzima si fedha nyingi, lakini ni ushahidi kwamba njia imefunguka. Aidha, tangu mwaka 2023 sheria imeweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia kazi za sanaa. Maana yake ni kwamba serikali imekubali hoja tuliyoitaja: kunakili hakuzuiliki, basi kifaa cha kunakilia kichangie. Lakini mgao huo nao unamfikia yule aliyeandikishwa.

Mlango wa tatu ni huduma zinazotoa nyimbo bure kwa utaratibu. Mfano ni Mdundo, iliyoanzia Nairobi. Ilijengwa juu ya wazo kwamba msikilizaji wa Afrika Mashariki hana kadi ya benki wala hana mazoea ya kulipia wimbo, hivyo apakue bila malipo, matangazo yalipie, na mwanamuziki apate fungu lake. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen, Denmark. Mtu wa Ulaya amenunua hisa katika jambo ambalo sisi tunaliita "kurushiwa nyimbo tu". Kabla ya kupeleka wimbo kwenye huduma yoyote ya namna hii, kamati isome mkataba: mgao ni kiasi gani, hulipwa lini, na mnaweza kujitoa kwa njia gani.

Mlango wa nne, nao ni mpana kwa kwaya zetu, ni shukrani ya moja kwa moja. Oktoba 2007 bendi ya Uingereza iitwayo Radiohead iliweka albamu yake mtandaoni na kumwachia kila msikilizaji aamue mwenyewe alipe kiasi gani, hata asipolipa kitu. Magazeti ya dunia yaliandika kwa mshangao. Ilipotolewa baadaye kwenye diski, albamu hiyo hiyo ilishika namba moja katika mauzo Uingereza na Marekani. Sisi watu wa kanisa hatukuwa na haja ya kushangaa. Kapu la sadaka limekuwa likifanya hivyo hivyo karne nyingi: mlango uko wazi, hakuna tiketi, na kila mtu anatoa kama alivyoguswa.

Tazameni hali yetu. Wakinga ni watu wa biashara. Wako Makambako, Mbeya, Iringa na Kariakoo. Jioni anapofunga duka, wimbo wa kwaya ya kwao humrudisha nyumbani kwa dakika sita. Mtu huyo hajawahi kukataa kuchangia. Hajaambiwa atume wapi. Basi mwanzoni na mwishoni mwa kila video iandikwe namba ya malipo, M-Pesa au Airtel Money, iliyosajiliwa kwa jina la kwaya na si kwa jina la mtu mmoja. Yaandikwe pia maneno mafupi: fedha hizi zitafanya nini. Wakipatikana watu 100 tu wa kutoa shilingi 5,000 kila mmoja, ni shilingi 500,000. Na kila baada ya miezi mitatu taarifa ya mapato na matumizi isomwe kanisani na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mchango unaotolewa taarifa hurudi tena.

Mlango wa tano ni mwaliko. Kikundi cha Zabron Singers kinatoka Kahama, Mkoa wa Shinyanga, mbali na studio kubwa za Dar es Salaam. Nyimbo zao zilisambaa kwenye simu za watu Afrika Mashariki yote bila msikilizaji kulipia nakala. Tarehe 13 Septemba 2022 walikuwa miongoni mwa walioimba uwanja wa Kasarani, Nairobi, siku ya kuapishwa kwa Rais William Ruto. Wimbo uliosambaa uliwatangulia kama mjumbe. Nakala hunakiliwa, lakini kwaya yenyewe, ikiwa na watu wake wamesimama mbele yako, hainakiliki. Kwa hiyo matamasha, harusi, mikutano ya Injili na ibada za shukrani ndiko kwaya inakoweza kukaa mezani na kukubaliana. Iwe na barua yake ya masharti: nauli, chakula, malazi, na posho ya kwaya. Mwalikaji asiye na uwezo aseme mapema, kwaya iamue kwenda kama huduma. Kwenda bure kwa hiari ni huduma. Kwenda bure kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza ni unyonge.

Mlango wa sita ni ujuzi. Mwalimu anayejua kuandika nota, kupiga kinanda na kupanga sauti anaweza kufundisha kwaya nyingine, kutunga wimbo wa jubilei ya shule au wa uzinduzi wa zahanati, na kuwaandalia wengine nota. Hayo hayapotei hata kama wimbo umefika kwenye kila simu.

Fedha zikipatikana

Fedha kidogo zisizo na mgawanyo huvunja kwaya haraka kuliko umaskini. Mgawanyo uandikwe kabla ya kurekodi, si baada ya wimbo kupendwa. Sina kiwango cha kuwaamrisha. Pendekezo langu ni kwamba kwanza mrudishe gharama za waliochangia, kisha kinachobaki kigawanywe mafungu matatu: la mtunzi, la waimbaji, na la mfuko wa kwaya kwa kazi ijayo. Usharika ukitaka fungu lake, na lenyewe litajwe wazi na likubaliwe mapema. Pia iandikwe kitakachotokea mwimbaji akihama, na fungu la mtunzi litakwenda kwa nani akifariki.

Tuwe waangalifu pia na deni. Tuchukue kwaya yenye waimbaji 30. Kila mmoja akitoa shilingi 20,000, zinapatikana shilingi 600,000. Kwa mkulima anayesubiri bei ya viazi, 20,000 ni mbolea. Msikope ili mrekodi nyimbo kumi kwa haraka. Rekodini wimbo mmoja au miwili kwa ubora, muiachie itembee, muone imefungua mlango gani, ndipo mwendelee.

Ombi kwa kamati na wafadhili

Kwa kamati za usharika nina maombi matatu. Daftari la nyimbo lianze mwaka huu, na lianze na nyimbo za wazee walio hai, kabla hatujachelewa kuwauliza. Usharika uipatie kwaya anwani, mahali pa kutunzia nyaraka na mtu wa kukagua hesabu. Na kila usharika uitafute familia ya mtunzi aliyefariki ambaye nyimbo zake bado zinatumika, iandikishwe kama mrithi.

Kwa wafadhili wetu, ambao mmesaidia kwaya kwa moyo mweupe: msitulipie tena maboksi ya diski. Yatakaa stoo. Tulipieni rekodi moja nzuri, gharama za usajili, na semina ya mikataba kwa walimu wa kwaya.

Na kuna jambo moja zaidi. Mashirika, yakiwemo ya kanisa, yanapofanya kampeni ya maji safi, ya kupima UKIMWI au ya kutunza vyanzo vya maji, huiomba kwaya itunge wimbo. Mtoa mada hulipwa posho, dereva hulipwa posho, ukumbi hulipiwa, na mtunzi hupewa soda na ahsante. Kisha wimbo wake ndio pekee unaobaki kijijini miaka kumi baada ya mtoa mada kusahauliwa. Katika bajeti ya kila mradi wa elimu kwa jamii kuwe na mstari wa malipo ya mtunzi na kwaya, pamoja na makubaliano ya maandishi juu ya matumizi ya wimbo huo. Mstari huo hauhitaji teknolojia wala sheria mpya. Unaweza kuandikwa katika bajeti ijayo.

Ndugu zangu, hatutaweza kuurudisha wimbo ndani ya kaseti, wala hatuna sababu ya kutaka hivyo. Mungu ametupa njia ya kufika mbali bila nauli. Tunachotakiwa kufanya ni kuandika jina la mwenye wimbo kabla haujatoka nyumbani, ili shukrani ikitumwa, iwe kutoka redioni, Kariakoo au kwa mfadhili, ijue mlango wa kubisha. Mwaka ujao tukutane tena hapa Ipelele, na kila kwaya ije na daftari lake mkononi.